Mguu Ukinyamaza

Leo nataka tuzungumze kuhusu ganzi, na naanza na kauli ambayo ukikaa Kariakoo kwa muda utaisikia tu, hasa kwa watu wazima walioishi na kisukari miaka mingi: "Ile miguu kuwaka moto imekwisha, namshukuru Mungu, sasa nalala." Mtu anaisema kwa furaha na waliomzunguka wanaitikia alhamdulillahi. Mimi kabla ya kumpongeza huwa na swali moja. Imekwisha kwa sababu umetibiwa, au imekwisha yenyewe?

Maana mshipa wa fahamu unapoanza kuharibika hupiga kelele. Unawaka, unachoma, unatekenya, unapiga shoti usiku wa manane ukiwa umelala zako. Ukizidi kuharibika, unafika mahali hauwezi tena kupeleka habari yoyote, ya maumivu wala ya joto wala ya msumari. Kelele zinazimika. Mwenye mguu anadhani amepona, kumbe huo ndio wakati wa kuogopa kuliko wote, na ndio wakati ambao watu wetu wengi huacha kwenda kliniki.

Katika jiji hili ganzi haina heshima. Nenda bandarini, nenda Kurasini kwenye maghala, nenda Mtaa wa Kongo saa sita mchana ukamtazame mchukuzi mwenye gunia la mchele begani na msukuma mkokoteni anayepiga miluzi watu wampishe. Mtu wa kazi hizo akikwambia miguu inakufa ganzi utamjibu pumzika, umechoka. Mama lishe aliyekaa kwenye kigoda tangu alfajiri naye utamwambia nyoosha miguu, mama. Na mara nyingi ni kweli. Ganzi ya kukalia mguu, au ya kulalia mkono, inaondoka ndani ya dakika chache ukijinyoosha, na hiyo wala haihitaji daktari. Ninayoizungumzia ni ile inayorudi. Inaanza kwenye vidole vya miguu, miguu yote miwili, inazidi usiku, na mwezi hadi mwezi inapanda.

Kwa nini vidole vya miguu? Kwa sababu mishipa inayofika huko ndiyo mirefu kuliko yote mwilini. Inatoka kiunoni hadi ncha ya kidole, kwa mtu mzima ni kama mita moja. Sukari ikiwa juu miaka na miaka, au pombe ikizidi, au vitamini zikipungua, mshipa mrefu ndio unaotangulia kushindwa, na unashindwa kuanzia mwisho wake. Ndiyo maana ganzi hii hupanda kama soksi inayovutwa juu polepole, na inapokaribia magoti, vidole vya mikono navyo vinaanza.

Sasa sikiliza wagonjwa wenyewe wanavyosema, maana hakuna anayeingia kwa daktari akisema mishipa yangu ya fahamu imeharibika. Mmoja anasema kuna mchanga kwenye kiatu, anakikung'uta, hakuna mchanga. Mwingine anahisi amevaa soksi na yuko pekupeku. Mwingine hataki shuka liguse vidole, linamuuma, na huyohuyo ukimchoma na kijiti kwenye unyayo hana habari. Kuna anayeyumba akifumba macho kuosha uso kwa sabuni, au umeme ukikatika usiku, kwa sababu miguu imeacha kumwambia ardhi iko wapi na alikuwa anatembea kwa msaada wa macho tu. Na dalili ambayo naona ingefaa ijulikane na kila nyumba ya Dar es Salaam ni hii: kandambili inavuka mguuni njiani, na mtu anaendelea kutembea. Anaitwa nyuma, "Mzee, kiatu hicho!" Anageuka, anacheka, anarudi kukiokota. Watu wanacheka naye. Mzee huyo anatakiwa kupimwa sukari wiki hiyohiyo.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo moja ambalo waganga wa jiji hili wameliandika, na ukilisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni hadithi ya kutishia watoto. Mwaka 2005 Dokta Zulfiqarali Abbas, ambaye ametumia miaka mingi kutibu miguu ya wagonjwa wa kisukari hapa Dar es Salaam, pamoja na Dokta Janet Lutale wa Muhimbili na mwenzao Lennox Archibald, walichapisha katika jarida la tiba ya kisukari habari za wagonjwa wao waliong'atwa na panya miguuni. Hawakung'atwa stoo wala shambani. Waling'atwa nyumbani kwao, wamelala.

Fikiria hilo taratibu. Panya anakuja usiku, anatafuna kidole cha mtu mzima, na mtu haamki. Anaamka asubuhi kwa adhana au kwa kelele za daladala kama siku zote, anakuta damu kwenye shuka. Anayeishi Kariakoo au Ilala, karibu na soko na majalala yake, hahitaji kuelezwa kuhusu panya. Wapo, tunawajua, wengine tumewazoea hadi tunawapa majina. Asichokijua ni kwamba mguu wenye ganzi hauna mlinzi. Kidonda kile kinaingia wadudu, sukari iliyo juu inawalisha, na kwa kuwa hakiumi mgonjwa anakifunga kitambaa na kwenda dukani kwake. Anakuja hospitali pale ndugu wanapolalamika harufu. Wakati huo mazungumzo yanakuwa kuhusu kukata: kidole, au nusu ya unyayo, au chini ya goti.

Panya ni mmoja tu. Kuna kaa la jiko la mkaa lililorukia mguuni, kuna msumari wa kreti uliotoboa soli ukakaa ndani ya kiatu kutwa nzima, kuna maji ya moto ya kukanda miguu ambayo mke aliyapima kwa mkono wake na mume hakuhisi yanachemka. Na kwa wanaojiandaa kwenda Hija: wapo mahujaji wenye kisukari walioungua nyayo Makka kwa kutembea pekupeku juu ya sakafu yenye jua kali, wakagundua walipoona malengelenge. Hata hapa kwetu, viatu umeviacha mlangoni mwa msikiti, umetoka adhuhuri na saruji imechemka, umesimama unavitafuta. Mwenye miguu mizima anarukaruka. Mwenye ganzi anatafuta kwa utulivu.

Na kisukari chenyewe, msikilizaji, si tena ugonjwa wa wenye magari. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walichapisha utafiti wao wa vijijini Tanzania, na kiwango walichokipata kilikuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu 9 katika kila 100, kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizi mbili hazikufanana, moja ilikuwa ya vijijini na nyingine ya nchi nzima, kwa hiyo usizilinganishe kwa rula. Lakini hata ukipunguza hapa na pale, tofauti hiyo haifichiki. Na wengi wao hawajui kama wanacho. Kwa baadhi, miguu ndiyo iliyowapa taarifa.

Kuna kipimo nitakachokufundisha sasa hivi, na hakihitaji mashine. Kiliandaliwa Uingereza, katika mji wa Ipswich, kikachapishwa mwaka 2011, na uzuri wake ni kwamba ndugu yako anaweza kukufanyia sebuleni. Lala au kaa, vua viatu na soksi, fumba macho. Mwenzako aguse ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia kwa ncha ya kidole chake cha shahada. Aguse tu, sekunde moja au mbili. Asibonyeze, asisugue, asitekenye. Wewe ukihisi unasema "kulia". Kisha kidole kidogo cha mguu huohuo, halafu aende mguu wa kushoto afanye vilevile, amalizie na vidole vya katikati vya miguu yote miwili. Vidole sita basi. Akigusa mara moja hukuhisi, asirudie kidole hicho akikuonea huruma. Hapo ndipo Waswahili tunapoharibu kipimo: mtoto anamgusa baba, baba kimya, mtoto anabonyeza kwa nguvu mpaka baba aseme "kulia". Ukikosa viwili au zaidi kati ya sita, miguu yako imeshapoteza sehemu ya hisia na unatakiwa kuonwa na mtaalamu. Atakupima kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, na kwa chuma kinachotetema kinachowekwa juu ya mfupa wa kidole.

Mishipa ya fahamu haihudumii miguu peke yake. Ipo inayoendesha mambo ambayo hatuyaamrishi: jasho, mapigo ya moyo, tumbo, kibofu. Ikiharibika hiyo, mtu anasimama kutoka kitandani na dunia inazunguka. Anakula matonge matatu anashiba mpaka anataka kutapika. Nyayo zinaacha kutoa jasho, zinakauka, kisigino kinapasuka. Na kwa wanaume kuna jambo linalobandikwa kwenye nguzo za umeme za jiji zima, na namba ya simu chini yake. Dawa ya nguvu za kiume. Ninaomba akina baba wanisikilize hapa bila kuona haya. Nguvu zikipungua polepole kwa mtu wa miaka 40 au 50, inaweza kuwa mishipa ya fahamu au ya damu inaharibiwa na sukari usiyoijua. Kipimo cha sukari ni tone la damu kwenye kidole. Mwenye tangazo la nguzoni hatakupima, atakuuzia.

Mikono nayo ina habari zake, nitazipitia haraka. Fundi cherehani anayeamka usiku akikung'uta kiganja kwa sababu dole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, huyo mshipa wake umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Ni jambo la sehemu hiyo moja, linatibika, mradi asisubiri mpaka msuli wa chini ya dole gumba unywee. Ganzi ikiwa kwenye kidole kidogo na jirani yake, tazama kiwiko. Na mchukuzi mwenye maumivu ya kiuno yanayoshuka mguu mmoja hadi unyayoni, huyo mshipa umebanwa mgongoni. Wengi hupata nafuu kwa wiki kadhaa. Ila kama miguu yote inalegea, sehemu za makalio na siri zimekufa ganzi, na mkojo unagoma au unatoka bila taarifa, hiyo ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Vilevile ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili, mdomo umepinda, maneno hayatoki: hicho ni kiharusi, usimkande mtu, mpeleke.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mwaka 1988. Waganga wa macho hapa Dar es Salaam walianza kupokea wagonjwa wa aina moja, wengi wao vijana. Macho meupe safi, hayaumi, hayatoi tongotongo, lakini hawaoni katikati. Kijana anaona ukuta na dirisha, haoni sura ya anayezungumza naye. Hawezi kusoma. Rangi zimefifia. Ukimpa miwani, haimsaidii kitu, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye kioo cha jicho bali kwenye mshipa unaotoka jichoni kwenda ubongoni. Na baadhi yao, walipoulizwa vizuri, walisema kitu kingine ambacho mtu asingekitegemea kwenye kliniki ya macho: miguu inawaka moto.

Mlipuko huo wa Dar es Salaam uliandikwa katika majarida ya kitaalamu ya nje mwaka 1997 na 1998, na wagonjwa waliendelea kuonekana miaka mingi baadaye. Ukiuliza mtaani leo utakuta karibu hakuna anayeukumbuka. Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Cuba walipata ugonjwa unaofanana na huo kati ya mwaka 1991 na 1993, wakati chakula kilipoadimika baada ya Umoja wa Kisovieti kuanguka. Watu zaidi ya 50,000 waliugua macho au miguu, serikali ikagawa vidonge vya vitamini kwa nchi nzima, na wimbi likatulia. Dunia nzima inaijua habari ya Cuba. Ya kwetu inajulikana na wataalamu wachache. Watafiti waliorudi kuichunguza walichapisha mwaka 2011 kwamba wagonjwa wa Dar es Salaam walielekea kuwa na upungufu wa foleti, ile vitamini ya mboga za majani na maharage, na walielekea kuishi na moshi wa jikoni ndani ya nyumba. Haikuwa sababu moja iliyonyooka. Lakini mwaka huohuo wa 2011 Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga unaosagwa viwandani, foleti ikiwemo, na mimi kila nikila chapati huwa nawakumbuka vijana wale.

Kwa hiyo usidhani ganzi ni ya kisukari tu. Wanaotumia dawa za kurefusha maisha tangu mwanzo wa mpango wa taifa mwaka 2004 wanazikumbuka zile zenye stavudine. Ziliokoa watu, na ziliwachoma miguu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 ziachwe, na zimeachwa, lakini wapo waliobaki na ganzi ile hadi leo. Anayemeza isoniazidi ya kifua kikuu anatakiwa apewe na vitamini B6 ili mishipa isidhurike. Ukipewa kidonge kidogo cha pili usikiweke kando ukidhani ni cha ziada. Metformini ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi, inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, nayo huleta ganzi ileile, kwa hiyo mwulize daktari wako, usiache dawa mwenyewe. Gongo na mizinga ya kila siku hazihitaji maelezo. Mkanda wa jeshi ukipona ngozi, maumivu yanaweza kubaki palepale miezi.

Halafu kuna ukoma, ambao mjini tunaufanya kama ulikwisha. Haujaisha. Miaka ya karibuni Tanzania bado inaandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Dalili yake ni baka lililopauka au jekundu kidogo, haliwashi, haliumi, na ukiligusa kwa pamba mwenye ngozi hajui. Kidole kidogo kinaanza kujikunja, kope haifungi vizuri. Dawa ni bure, ni ya miezi 6 au 12, na mtu akishaanza kuitumia haambukizi. Vidole vya watu wa zamani havikuliwa na ukoma wenyewe kama tulivyokuwa tunaambiwa. Viliungua na kukatika kidogo kidogo kwa sababu havikuwa na hisia, habari ileile ya panya.

Sasa mtaani mtu akihisi ganzi anakwenda duka la dawa, anaomba vidonge vya mishipa, anapewa vitamini B za mchanganyiko. Kama ulikuwa na upungufu wa vitamini, vitasaidia. Kama una sukari ya 18 usiyoijua, vitakupotezea miezi. Na B6 yenyewe ikizidi, mtu akiimeza nyingi kwa muda mrefu, inaharibu mishipa ileile. Sijasema usinunue dawa. Nimesema pima kwanza: sukari, virusi vya Ukimwi kama hujui hali yako, na pale inapowezekana B12. Ukiingia kwa daktari, mwambie ilianza lini, ilianzia wapi, imepanda hadi wapi, miguu yote au mmoja, na dawa zote unazomeza pamoja na za mitishamba. Kisha vua viatu hata kama hajakuambia. Mguu uliofichwa kwenye kiatu hauonwi, na foleni nyuma yako ni ndefu, daktari naye ni binadamu.

Nyumbani, mwenye ganzi akague nyayo kila siku, jioni baada ya kuoga. Asiyeweza kujipinda aweke kioo sakafuni, au amwite mjukuu mwenye macho makali. Akaushe katikati ya vidole, apake mafuta kwenye kisigino na si katikati ya vidole, asikate sugu kwa wembe. Alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na chakula kisilale chumbani.

Na viatu. Najua wengi tutakwenda Karume kuchagua mitumba, sina ugomvi nayo. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, siyo asubuhi. Kabla hujatoka nyumbani simama juu ya boksi, mtu akuchoree unyayo kwa kalamu, ukate umbo hilo uende nalo. Ukifika, tia mkono ndani ya kiatu upapase mpaka mwisho, misumari hujificha kwenye kisigino. Kisha liingize lile boksi. Likikunjamana pembeni, kiatu kinabana, na mguu wako hautakwambia. Kirudishe, hata kama muuzaji ameshakupunguzia bei.